Sista Truphena Anarudi Kwenye Benchi

Jumatano, tarehe 31 Desemba 1969, Sista Truphena Werema atakabidhi funguo za wodi ya watoto na kustaafu, baada ya kuitumikia hospitali yetu ya misheni kwa miaka thelathini na miwili. Alipoingia kazini Januari 1938, hospitali ilikuwa nyumba mbili za mabati kando ya barabara ya Rangwe, naye alikuwa msichana wa Kisegi aliyeshuka mashuani Homa Bay na viatu vyake mkononi, ili visichakae kabla ya kuonekana. Anasema vilimbana hata hivyo.

Kazi ya kuandika wasifu huu imeniangukia mimi, Walter Ogweno, karani wa mapokezi. Daktari Kerosi, mkuu wetu wa hospitali, alisema ninafaa kwa sababu nina sauti kubwa kuliko mtu yeyote hapa, na wageni wa viti vya nyuma nao wanastahili kusikia. Nilimkumbusha kwamba maandishi hayana sauti. Alicheka tu, akanipa kalamu.

Truphena alianza kama msaidizi wa wodi, akifua shuka na kuchemsha sindano. Siku hizo hapakuwa na shule ya wauguzi hapa kwetu. Mtu alijifunza kwa kumfuata muuguzi mkubwa nyuma na kunyamaza. Kufuata alifuata. Kunyamaza kulimshinda, na wakubwa wake walipoona hanyamazi waliamua afadhali wampeleke akasomee ukunga, angalau apige kelele penye haja.

Wazee wa Rodi Kopany bado wanakumbuka alivyokuja kuwachanja ndui wakati wa vita. Watu walipoona sanduku la chanjo walikimbilia mashambani. Yeye hakumfukuza mtu. Alikaa sokoni, akanunua muwa, akautafuna polepole huku akiwasimulia wachuuzi vituko vya Kisegi, hadi wale waliokimbia wakarudi mmoja mmoja kusikiliza mwisho wa hadithi. Mwisho wa hadithi ulikuwa chanjo.

Mvua kubwa za 1961 zilipoleta maji ya ziwa hadi milangoni mwa watu, aligeuza kanisa letu kuwa wodi, akamwambia mchungaji ahubiri nje. Na wiki ile ya Desemba 1963, nchi ilipokuwa ikicheza ngoma, yeye alikuwa akizalisha. Watoto waliozaliwa wiki hiyo karibu wote walipewa jina moja, mpaka akawauliza mama zao, "Nyinyi wote mkiita Uhuru pale sokoni, nani ataitika?" Wawili walibadilisha. Waliobaki wanasoma darasa moja sasa, na mwalimu wao ananilaumu mimi niliyewaandikisha.

Alikuwa mkali, hilo tusilifiche siku ya sherehe. Ukiacha beseni chafu alilibeba hadi mezani kwako, akaliweka juu ya kazi yako, akaondoka bila neno. Mara tatu nimeandikisha wagonjwa juu ya beseni. Lakini mama aliyefiwa na mtoto alimkuta Truphena ameketi sakafuni pamoja naye, kofia pembeni, hata kama zamu ilikuwa imekwisha.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo yeye mwenyewe ameniruhusu kuiandika. Alisema nikiiruka, atalibeba beseni.

Mwaka 1957, akiwa amekwisha kugawa nguo zote za watoto, Truphena alipata kitindamimba, mvulana, naye na mumewe Mwalimu Werema wakamwita Nicanor. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa mtoto kama wengine wa nyumba za wafanyakazi. Alisema "mama". Alisema "pi", kwa Kijaluo, akitaka maji. Kisha maneno yakakatika. Akawa haitiki akiitwa. Kengele ya hospitali ikilia aliziba masikio na kupiga mayowe hadi jasho limtoke. Kitu kimoja tu kilimtuliza, ile mizani ya kupimia watoto wachanga yenye mkono wa chuma unaopanda na kushuka. Angeitazama siku nzima.

Huku kwetu, iwe kwa Wajaluo au kwa Wakuria wa mpakani anakotoka Mwalimu Werema, mtoto asiyesalimia huwaaibisha wazazi wake. Wageni walimnyooshea Nicanor mikono, naye akaipita kama matawi ya njiani. Watu walisema hajafunzwa adabu, tena walisema kwa sauti ya kumfikia mama yake. 

Hapa inabidi niwaeleze wageni habari za mlango wa nyuma. Hospitali yetu ilikuwa na desturi kwamba mtoto wa mfanyakazi hapangi foleni. Huingizwa kwa mlango wa nyuma, karibu na jiko la kuchemshia vyombo, na daktari humwona akiwa njiani kwenda kunywa chai. Tuliiita heshima ya kikazi. Mimi sikuwahi kuipenda, kwa kuwa iliharibu foleni yangu, lakini nani alimsikiliza karani? Nicanor alikulia kwenye mlango ule. Kila daktari aliyepita alimgusa kichwa, akaandika dawa. Moja ya minyoo, nyingine ya damu, nyingine ya kumtuliza. Muuguzi huyu alileta mafuta ya samaki, dresa yule wa kufunga vidonda akaleta asali. Tulimpenda mtoto yule sote. Na kwa miaka mitano, katika hospitali iliyojaa watu wa tiba, hakuna aliyewahi kukaa naye chini kumtazama.

Mapema 1964 mkuu wetu wa wakati huo, Daktari Lindholm, alimtafutia miadi kwa bingwa mmoja wa magonjwa ya akili katika mji ambao sitautaja. Truphena alikwenda amevaa sare yake iliyopigwa pasi, kama muuguzi anayekwenda kumwona mkubwa wa kazi. Bingwa alimpokea vizuri sana. Alimpa kiti, akampa chai, akazungumza naye kitaalamu, lakini Nicanor yeye alimtazama kwa mbali tu, bila kumsogelea. Kisha akamwambia kwamba kwa kuwa wao wawili ni watu wa kazi moja, atasema bila kuzunguka: watoto wa namna hii huwa hivyo kwa sababu mama zao ni baridi, na mama mwenye zamu nyingi wodini hana joto la kumpa mtoto. Kulikuwa na nyumba ya kuwatunza watoto kama hao, mbali, na nafasi moja ilikuwa wazi. Mzazi hakuruhusiwa kumtembelea mtoto mwaka wa kwanza. Alitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Truphena alirudi kazini, akanyamaza. Sisi tuliozoea kukemewa tulianza kuogopa. Mabeseni machafu yalikaa yalipoachwa, hakuna aliyebebewa. Nilimkuta siku moja amesimama mbele ya mizani na mwanawe, wote wawili wakitazama ule mkono wa chuma ukipanda na kushuka, nami nikarudi dirishani kwangu nikinyata.

Ushauri haukukosekana. Wengi wetu tulisema bingwa ni bingwa, amkubali. Bathsheba, dada ya Mwalimu Werema, alikuja kutoka Migori na la kwake. "Wifi, huko Rodi Kopany siku ya soko iko daktari ya sindano. Mtoto ya jirani yangu alipona kabisa." Mwalimu Werema, ambaye ni mtu wa maneno machache, alisema kitu kimoja tu mezani, nami nilikuwepo. "Nicanor si kifurushi cha posta. Lakini wewe ndiye unajua madaktari. Chagua, tutabeba pamoja."

Taabu ilikuwa hapo hapo. Truphena alijua madaktari wa wilaya nzima. Alijua nani anashona kidonda vizuri na nani anakunja uso akiitwa usiku. Lakini wote walimjua yeye kama Sista. Mbele yake kila mmoja alivaa uso wake wa kazini, na yeye aliwavalia wake. Siku mbili baada ya maneno ya mumewe alikuja dirishani pangu, akaegemea. "Walter," akasema, "mimi sijawahi kukaa kwenye benchi yenu."

Kesho yake nilikuwa nikiita majina kama kawaida, nikainua macho, nikamwona. Alivaa gauni la shambani na kitambaa cha kichwa, ndala miguuni, Nicanor magotini. Alikuwa katikati ya mama mwenye mtoto wa surua na mzee mwenye jino. Wauguzi walipita wakidhani wameona mapepo. Mmoja alimwambia, "Sista, unangoja nini hapa na uko na funguo?" Akajibu kwamba anangoja zamu. Nami zamu yake ilipofika niliita kwa sauti yangu yote, nikamuuliza jina la mtoto na kijiji chake, kama sijapata kula ugali nyumbani kwake. Aliniambia baadaye kuwa nilifanya vizuri, ila nilipiga kelele mno na mtoto alishtuka.

Daktari Lindholm alitoka, akamwona, akataka kumwingiza haraka. Alikataa. Alipoingia kwa zamu yake, mzee yule wa watu alivua miwani na kusema ukweli ambao mlango wa nyuma haukuwahi kumpa nafasi ya kuusema. Hakujua mtoto ana nini, na dawa zote zile alizitoa kwa kuwa aliona haya kumwambia mwenzake kwamba hajui. Alimtajia daktari kijana aliyefungua kliniki yake Migori. Hajui mengi kuliko mimi, alisema, lakini ana subira. Truphena alimshukuru. Hakumchagua yeye kuwa daktari wa mtoto, lakini hadi leo humtaja kwa heshima.

Kwa kuwa alikuwa amemwahidi Bathsheba, alimpitisha mtoto Rodi Kopany kwanza, wifi huyo akiwa naye. Yule daktari wa sindano alikuwa amevaa koti jeupe ambalo Truphena anaapa lilikuwa la muuza nyama. Kabla Nicanor hajaketi, bwana yule alikuwa ameshajua ugonjwa. "Mama, hii ni kitu kidogo. Sindano tatu tu, ataongea kama redio." Akatoa sindano mfukoni, akaipangusa kwa mkono wa koti.

Truphena alikuwa amejiapiza kukaa kimya kama mama wa kawaida. Kiapo kiliishia hapo. Alimuuliza aliichemsha lini, na yule bwana alipomwambia aulize bei tu, alisimama katikati ya soko akafundisha somo zima la usafi wa sindano, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, hadi wauza omena wakaacha mizani zao kumsikiliza. Bwana yule alifunga mkoba wake na hakuonekana soko lile tena.

"Wifi, umefukuza daktari!" akalia Bathsheba.

"Nimefukuza sindano," Truphena akamjibu. "Daktari bado sijamwona."

Alhamisi iliyofuata, mwezi ukiwa unakaribia kwisha, alipanda basi la Migori. Hakuvaa sare. Kliniki ilikuwa na chumba kimoja na benchi moja nje, na mlango wake ulibamizwa na upepo kila mgonjwa alipotoka. Kila ulipobamizwa, Nicanor alipiga mayowe. Watu walianza kuguna. Mama mmoja wa Kikuria alisogea, akampa nafasi ya ukutani. "Kaa hapa, mama. Hata wangu alikuwa mkali." Mara mlango ukafunguka, daktari kijana akachungulia. Alimtazama mtoto, akautazama mlango, akarudi ndani. Kisha akatoka tena na kitambaa kilichokunjwa, akakibana pale chini ya mlango usiweze kubamizwa. Akaita mgonjwa aliyefuata.

Truphena anasema moyo wake ulimchagua daktari yule pale pale, kwa kitambaa, lakini kichwa chake kilikuwa cha muuguzi na kilitaka kuona zaidi.

Zamu yao ilipofika, Nicanor alikwenda moja kwa moja kwenye mizani. Daktari hakumshika wala hakumwita. Aliweka chungwa juu ya mizani, akangoja mkono utulie, akaliondoa. Akaweka kitabu. Baada ya kitambo Nicanor mwenyewe akaweka kiatu chake. Walipima vitu hivyo kwa muda mrefu kuliko ule ambao daktari yeyote aliwahi kumpa mtoto yule. Ndipo daktari akamgeukia mama akamuuliza, "Anapenda nini, mbali na hii?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Wote waliuliza anakosa nini. Truphena, aliyezalisha nusu ya wilaya bila kutetemeka, alifunika uso kwa kitambaa chake akalia, na daktari akamwacha alie, akaendelea kupima kiatu.

Alipopata sauti alimuuliza maswali yake matatu, ambayo alikuwa ameyabeba njia nzima. Kwanza, mtoto huyu ataongea? Daktari alisema, "Sijui." Pili, ni mimi niliyemfanya hivi? Alisema, "Hapana," bila hata kumeza mate. Kisha akamweleza kwamba amesoma kuhusu watoto wa namna hii, huko ng'ambo wanaita otizimu, na kwamba wako waliowaandika mama zao vibaya. "Lakini nimekuona hapo nje tangu asubuhi. Hao walioandika hawakukuona." Tatu, utamwona kila wiki, siku ile ile, chumba kile kile, na hutabadilisha? Daktari alifikiri. "Dawa sina, mama," akasema. "Lakini hiyo naweza."

Usiku ule Truphena alimwambia mumewe, na asubuhi akamwandikia bingwa barua fupi ya shukrani, nafasi apewe mtoto mwingine. Msidhani alikuwa shujaa asiye na woga. Alinipa barua ile niitie posta, kisha akarudi dirishani kuniuliza kama posta imeondoka. Nilimwambia bado. Akashika ukingo wa dirisha. "Walter, nikikosea, nimemkosesha mtoto, na sitapata nafasi tena." Nilimuuliza kama anataka nimrudishie barua. Alitazama kule wodini alikokuwa Nicanor, akasema, "Hapana. Ipeleke kabla sijabadilika."

Kwa mwaka mzima alibadilishana zamu na kila mtu ili apate Alhamisi. Alifanya kazi za Jumapili, za Krismasi, za Pasaka. Mwaka huo huo alipewa cheo cha usimamizi wa wauguzi wote katika hospitali kubwa ya mbali, akakikataa kwa kuwa Alhamisi haikuwemo. Wako waliomcheka. Alipanda basi na kushuka, mvua na jua, na Nicanor akaanza kuizoea safari. Akaijua nyumba ya kona ya Rongo, akawa hapigi tena mayowe wakifika pale.

Daktari yule hakujua kwamba anashughulika na muuguzi, hadi siku mama mmoja alipoanza kujifungua pale pale kwenye benchi. Daktari alipotoka mbio alimkuta mama Nicanor amepiga magoti, mikono imefanya kazi yote, mtoto analia, naye anaamrisha maji ya moto kama yuko kwake. "Mama," akauliza, "kwani wewe ni nani?" Truphena alifunga kitovu kwanza. "Leo ni Alhamisi," akasema. "Mimi ni mama Nicanor."

Daktari huyo, kama wengi mmeshatambua, ni Cephas Kerosi, aliyekuja kuwa mkuu wetu 1965 Daktari Lindholm aliporudi kwao. Amenipa ruhusa niandike jambo moja. Anasema kama angejua siku ile ya kwanza kwamba aliyeketi mbele yake ni Sista wa miaka mingi, angefanya haraka ili asimpotezee mwenzake muda, na angetumia maneno makubwa ili asionekane mjinga. Heshima ya kikazi ingemla mtoto kwa mara nyingine.

Kazi ya kwanza waliyoifanya wawili hawa hapa ilikuwa kuufunga mlango wa nyuma. Siku hizi unapitisha kuni tu. Watoto wa wafanyakazi, wa daktari mwenyewe wakiwemo, hukaa kwenye benchi na kungoja. Siku waliyoufunga ilikuwa siku yangu ya furaha katika utumishi wote, nami sioni haya kuisema.

Kazi ya pili ilikuwa Kliniki ya Alhamisi. Habari zilienea zenyewe. Mama mmoja alikuja kutoka Kisegi na msichana aliyekuwa akifungiwa nyuma ya nyumba wageni wakija. Wengine walikuja kutoka mpakani, kwa miguu. Si wote wana alicho nacho Nicanor, na Daktari huwaambia wazi anapojua na asipojua. Siku hiyo kengele ya hospitali hailii. Kila mlango umebanwa kitambaa. Na mimi, Walter Ogweno, nimenyang'anywa sauti. Sista aliniita, akaniambia kwamba siku ya Alhamisi siiti majina. Naondoka nyuma ya dirisha langu, naenda hadi pale mama alipoketi, nasimama mbele yake, naye anajua zamu imefika. Wiki ya kwanza nilinuna. Wiki ya pili niligundua kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa sijaziona nyuso za watu ninaowaita.

Mtauliza Nicanor amepona? Hapana, na Sista hataki ipambwe. Ana miaka kumi na miwili. Hupanga vyombo vya chumba cha mizani, kila kimoja mahali pake, na ole wako ukikisogeza. Usiku mwingine hajalala, wala wazazi wake. Neno moja limerudi. Ilikuwa 1967, siku isiyo na jambo lolote. Alileta kikombe mbele ya mama yake wodini, akasema, "Pi." Sista alimpa maji. Alingoja hadi amemaliza kunywa, akamkabidhi wodi muuguzi mwingine, akaenda nyuma ya ghala la kuni, akalia hadi kofia ikaanguka. Najua kwa sababu nilikuwa pale nikivuta sigara, jambo alilokuwa amenikataza. Hakunikemea. Aliniomba moja.

Wageni wa Jumatano, mvulana huyo atakuwepo. Tafadhali msimnyooshee mkono. Akikupenda atakuja kusimama kando yako, bega karibu kugusa, akitazama huko unakotazama. Ukiona hivyo umeshasalimiwa, na vizuri.

Limebaki jambo la zawadi. Kamati ya sherehe, katika hekima yake, ilipendekeza heshima ya pekee. Kwa kuwa Nicanor ataendelea kuja kila wiki, Sista Truphena apewe ruhusa ya kuingia kwa Daktari bila foleni, maisha yake yote. Tulimwendea na habari hiyo tukiwa tunatabasamu. Alitukunjia uso ule wa mabeseni. "Mnataka kunirudisha mlango wa nyuma?" Kwa hiyo zawadi itakuwa blanketi na redio, na wanakamati tumekubaliana kutoizungumzia tena habari ile.

Mwaka mpya unaangukia siku ya Alhamisi. Hospitali itafungwa kwa sikukuu, isipokuwa chumba kimoja, maana Nicanor hajui mwaka mpya lakini anaijua Alhamisi, na Daktari Kerosi aliahidi kutobadilisha. Sherehe yetu ikiisha Jumatano jioni, Sista atatuachia sare na funguo. Asubuhi yake atakuja na gauni lake, mtoto wake na ndala zake, akae kwenye benchi kati ya mama wa Kisegi na mama wa mpakani.

Mama Nicanor, wewe uliyetukemea tukawa watu, asante. Asante kwa watoto wote wanaotembea leo katika nchi hii kwa sababu mikono yako iliwapokea. Upumzike vizuri, wewe na Mwalimu, usingizi uwarudie, na kijana wenu awe na siku njema zaidi ya mbaya. Foleni itakuwa ndefu siku hiyo na hatutakupisha, kama ulivyotaka. Lakini zamu yako ikifika sitakuita. Nitakuja hadi pale ulipoketi, nisimame kando yako kidogo, tutazame upande mmoja.